Neno jipya la Kiingereza kila siku? Anzia Kariokor

Majuzi nilipokea barua kutoka kwa kijana wa Majengo, mtaani Pumwani, Nairobi. Amemaliza kidato cha nne, mama yake anauza nguo za mitumba Gikomba, naye anatafuta kazi. Ameitwa kwenye mahojiano mara tatu, na mara zote tatu, anasema, Kiingereza kimemkauka mdomoni. Baada ya mara ya tatu alinunua daftari nene, akaanza kuandika neno moja jipya la Kiingereza kila siku pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Sasa ana maneno zaidi ya 300. "Mwalimu," ananiuliza, "mbona maneno yamejaa kwa daftari lakini kwa mdomo hakuna kitu?"

Swali hilo pekee lingetosha makala. Hata hivyo, lililonigusa zaidi liko mwishoni mwa barua. Kijana huyu ameacha kukaa na wenzake jioni kwa sababu wao hubonga Sheng, na tangu shuleni ameambiwa kuwa Sheng ndiyo inayoua Kiingereza. Marafiki aliokua nao wanapita mlangoni wakimwita, naye yumo ndani na daftari lake. Ameniruhusu nitumie mifano yake mradi nisimtaje jina.

Huenda msomaji akauliza, safu ya Kiswahili na Kiingereza wapi na wapi? Kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinazitaja lugha hizi mbili kuwa lugha rasmi, na kinaitaja moja kati yake, Kiswahili, kuwa lugha ya taifa. Wengi wetu tunaishi na zote mbili kichwani, na anayejifunza msamiati vibaya katika moja hujifunza vibaya katika nyingine. Isitoshe, njia nitakayoipendekeza hapa inapitia katikati ya Kiswahili.

Tuanze na hesabu. Neno moja kwa siku ni maneno 365 kwa mwaka. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza na kuendelea hadi kidato cha nne chini ya mfumo wa 8-4-4, yaani miaka 12, angekuwa na maneno 4,380. Si haba hata kidogo. Mtaalamu wa msamiati Paul Nation wa New Zealand alikadiria mwaka 2006 kuwa mtu huhitaji kati ya familia 8,000 na 9,000 za maneno ili asome riwaya au gazeti la Kiingereza bila kukwamakwama. Anaposema familia anamaanisha neno pamoja na jamaa zake: soma, somo, msomaji, kisomo, somesha. Kwa hiyo neno moja kwa siku, likija na jamaa zake wote, lingemfikisha mtoto huyo karibu nusu ya safari kabla hajatoka shule. Lakini likija peke yake kama mgeni asiye na kwao, litakaa siku mbili na kuondoka.

Daftari basi si adui. Tatizo ni yaliyomo.

Kijana alinitumia picha ya ukurasa mmoja. Niliona "plethora", "loquacious", "mellifluous", "quagmire" na "conflagration". Mnayajua maneno haya. Ni yale mazito yanayopendwa kwenye insha za shule, yenye kishindo, ambayo mwanafunzi huyapanga mstari wa kwanza ili mtahini ashtuke. Mbele ya "conflagration" ameandika maana yake: moto. Chini yake akatunga sentensi ya kujizoeza, kwamba mama yake aliwasha "conflagration" ili apike chapati.

Nilicheka, kisha nikasikitika. "Conflagration" ni moto mkubwa unaoteketeza nyumba na maduka. Mama akiuwasha huo, chapati haitageuzwa upande wa pili. Na ajabu ni kwamba kijana huyu anaishi hatua chache kutoka soko ambalo limeungua mara nyingi kiasi kwamba wauzaji wake hulala wakiwa na wasiwasi. Mama yake anakijua kitu kinachoitwa "conflagration" kuliko mwandishi yeyote wa kamusi. Neno lilikuwa na makao yake pale pale Gikomba, ila daftari lilimpa tafsiri ya neno moja, "moto", likamwacha hapo.

Wanaisimu wana msemo wa kitaaluma kwa jambo hili, lakini mie naliita tu ujirani wa maneno. Neno halijulikani kwa maana yake pekee. Hujulikana pia kwa majirani linaoandamana nao. Fikiria kitenzi "piga" katika Kiswahili. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga hesabu, tunapiga kura. Mgeni aliyeandika daftarini kwamba "piga" ni "beat" atadhani Wakenya ni watu wa vurugu. Kiingereza nacho kina ujirani wake, ambapo simu huwa na kitenzi chake, picha chake, na mswaki chake. Ukilibeba neno bila majirani zake, litakuaibisha siku unayolihitaji, na mara nyingi siku hiyo ni siku ya mahojiano.

Sasa tuje kwa Sheng, maana ndiyo inayolaumiwa.

Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni mapema katika miaka ya 1920 kuwa makazi ya Waafrika, na wakazi wengi waliletwa huko kutoka vijiji vya kale vya Nairobi vilivyobomolewa. Mkikuyu, Mjaluo, Mkamba, Mnubi na Mswahili wa pwani walipanga vyumba chini ya paa moja. Kiswahili kikawa lugha ya uani, ya msikitini, ya sokoni. Humo ndimo watoto wa mitaa ya Eastlands walimozaliwa na kuanza kuchanganya. Profesa Mohamed Abdulaziz na mwenzake Ken Osinde, katika makala yao ya mwaka 1997, waliihusisha Sheng na mitaa hii ya mashariki ya jiji, wakaitofautisha na ile waliyoiita "Engsh" ya vijana wa mitaa ya kitajiri ya magharibi. Naye Alamin Mazrui, mwaka 1995, aliuona mzizi wa mseto wa aina hii katika Nairobi ya miaka ya 1930. Mwaka 2003 Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga walichapisha kamusi nzima ya Sheng kupitia Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam. Nadhani kijana wa leo wa Majengo akiifungua atayaona maneno mengi humo kuwa ya babu yake. Sheng haisubiri mpiga chapa.

Lakini hebu tutazame jinsi neno jipya la Sheng linavyofundishwa, kwa kuwa hapo ndipo jibu la kijana lilipo. Neno linatua mtaani Jumatatu. Linatoka kinywani mwa mtu fulani, labda makanga wa matatu, labda msanii, mtu ambaye vijana wanamsikiliza. Linatua ndani ya tukio: mtu amechelewa, mtu amenunua viatu, mtu ametoroka deni. Kufikia jioni umelisikia mara kumi. Kesho unalijaribu mwenyewe, na ukilikosea unachekwa papo hapo, si baada ya wiki mbili kwa wino mwekundu. Ijumaa linakuwa lako. Hakuna mtoto Pumwani aliyewahi kuandika "risto" kwenye daftari ili alikariri, na hakuna asiyelijua. Aidha, tazama neno lenyewe: ni "stori" iliyokatwa silabi na kupinduliwa. Mtoto anayecheza hivyo na silabi anafanya kazi ambayo wanafunzi wa isimu chuo kikuu hulipa karo ili waifanye.

Kwa hivyo, mwanangu, akili inayokusanya maneno ya Sheng bila jasho ndiyo hiyo hiyo unayoifungia chumbani ikusanye "mellifluous". Haijaharibika. Umeinyima tu vile vitu vinne inavyokula: mtu wa kusikilizwa, tukio, marudio na kicheko cha wenzako.

Sisemi Sheng haina neno lolote la kujibu. Yupo kijana asiyejua kutoka ndani yake, na meza ya mahojiano si mahali pa "niko fiti". Lakini kuchagua lugha kulingana na mahali ni ustadi ambao watoto wa Majengo wanao tangu utotoni. Wanavyomsemesha ustadhi wa madrasa sivyo wanavyosemeshana kwenye kona ya mtaa. Kuongeza mlango wa tatu hakuhitaji kubomoa ule wa pili. Kila mwaka matokeo ya mitihani yakitangazwa na lawama zikatupiwa Sheng, huwa najiuliza kama anayelaumu amewahi kuhesabu vitabu vilivyomo katika shule anayoizungumzia.

Turudi kwenye daftari, tuone neno gani liingie. Mwalimu Michael West, aliyefundisha Kiingereza Bengal, alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno takriban 2,000 ya Kiingereza yanayotumika zaidi. Maneno hayo hufunika karibu asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Mwaka 2000 Averil Coxhead alitoa orodha ya familia 570 zinazorudi sana katika maandishi ya kitaaluma, maneno kama "assess", "require", "evidence", "policy", na hizo zikafunika takriban asilimia 10 ya maandishi ya aina hiyo. Hayo ndiyo maneno ya fomu za kazi, barua za ofisi na maswali ya mahojiano. "Mellifluous" hamo. Mtu anaweza kufanya kazi ofisini miaka 30 na kustaafu kwa heshima bila kulitumia hata siku moja. Lakini akiulizwa "What does this position require?" na asijue "require", mahojiano yamekwisha. Kijana ana maneno 300, na yapo machache sana ambayo bosi yeyote angemwuliza.

Basi achague maneno yanayorudi. Na kwa kuwa anaishi Pumwani, aanze na yale ambayo tayari yako mdomoni mwake. Ni mengi kuliko anavyodhani.

Chukua Kariokor, hapo jirani. Jina hilo, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, linatokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Wengi hawakurudi. Sasa mpe mwanafunzi neno "corps" kitabuni alisome kwa sauti. Atasema "kops", au atalichanganya na "corpse", maiti. Watu waliolitohoa mtaani walilisikia kwa sikio, wakaandika "kor": herufi mbili za mwisho hazitamkwi. Matamshi sahihi yameandikwa kwenye vibao vya matatu miaka yote hii.

Na haliishii hapo. "Corps" na "corpse" zote zinatoka kwa neno la Kilatini "corpus", yaani mwili. Mwili wa askari, mwili wa marehemu. Ukilishika hilo, "corporation" inakuwa watu waliounganishwa kuwa mwili mmoja mbele ya sheria. "Incorporate" ni kuingiza kitu mwilini. "Corporal punishment", ile viboko iliyopigwa marufuku shuleni, ni adhabu ya mwili. Maneno matano kutoka kituo kimoja cha matatu. Hii ndiyo maana ya familia, na Mswahili hapaswi kuambiwa mara mbili, maana lugha yake yote imejengwa hivi. Anayejua kwamba lima, kilimo, mkulima na limika ni ndugu ana jicho la kuona undugu kwingine.

Nenda Gikomba kwa mama. Mtumba ukifunguliwa, nguo za kwanza, zile safi zinazogombaniwa alfajiri, huitwa kamera. Za mwisho ni fagia. Sitajaribu kueleza kwa nini kamera. Wauzaji wenyewe wana hadithi zao. Ila neno "camera" lenyewe lina hadithi ndefu. Kwa Kilatini lilikuwa chumba. Kifaa cha kupiga picha kilipata jina hilo kwa kuwa kilianza kama chumba chenye giza na tundu dogo la mwanga. Ukisoma gazetini kwamba hakimu amesikiliza kesi "in camera", usidhani kulikuwa na wapiga picha. Ni kinyume chake, kesi imesikilizwa faraghani, chumbani. "Chamber" ni jamaa yake. "Comrade", mwenzako, ni yule mliyelala chumba kimoja. Na Bunge letu, tangu Katiba ya 2010 ituletee Seneti kando ya Bunge la Taifa, linaitwa "bicameral": lenye vyumba viwili. Neno hilo la mwisho linatisha likiwa pekee daftarini. Likija kwa mkono wa kamera ya Gikomba, halitishi.

Hospitali ya Pumwani, ambayo imekuwa ikizalisha akina mama tangu mwaka 1926, ina neno lenye udugu na hoteli na hosteli. Yote matatu yanatoka kwenye kukaribisha mgeni, na humo utaikuta pia "host" na "hospitality". Hapa lakini pana shimo. Kwetu hoteli ni pale unapokunywa chai na mandazi. Kwa Mwingereza ni pale unapolala. Kijana anayesema kwenye mahojiano kwamba amefanya kazi "in a hotel" ilhali alikuwa akikaanga viazi kibandani ataulizwa maswali kuhusu vitanda.

Kuna shimo lingine baya zaidi. Mtaani mkopeshaji wa riba anaitwa "shylock", na wengi wanadhani ni neno la kawaida la Kiingereza kwa kazi hiyo. Ni jina la mhusika Myahudi katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri, ikatoka mwaka 1969 kwa jina Mabepari wa Venisi. Ukilitumia mbele ya wageni, utasikika ukiwatukana Wayahudi. Kamusi ndogo ya mfukoni haitakuonya. Ndiyo maana nasema neno lichunguzwe linakaa na nani kabla halijaingia daftarini.

Kuna hazina nyingine ambayo mtoto wa Majengo aliyepitia madrasa anayo na hajui. Kiswahili na Kiingereza vyote viwili vilikopa kutoka Kiarabu, kila kimoja kwa njia yake, kimoja kupitia mabaharia wa Bahari ya Hindi na kingine kupitia Italia, Uhispania, Ureno na Ufaransa. Taarifa yetu ni ndugu wa "tariff", orodha ya ushuru au bei. Sifuri ni ndugu wa "zero" na pia wa "cipher", maandishi ya siri. Kutoka hapo unapata "decipher", kufumbua. Msimu ni ndugu wa "monsoon", zile pepo zilizoleta majahazi. Amiri, kama katika Amiri Jeshi Mkuu, yumo ndani ya "admiral". Na hazina yenyewe ina mzizi mmoja na "magazine", ambalo kwanza lilikuwa ghala. Ghala la risasi kwenye bunduki linaitwa hivyo hadi leo, na mwaka 1731 jarida moja la London lilijiita hivyo kwa maana ya ghala la habari, ndipo magazeti ya aina hiyo yote yakarithi jina. Mwanafunzi anayelijua hili hakariri tena maana mbili za "magazine", anaziona.

Mkondo huu haupiti upande mmoja tu. Mwaka 2022 wahariri wa kamusi kuu ya Kiingereza, Oxford English Dictionary, waliingiza maneno karibu 200 ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwemo mwananchi, jembe, nyama choma, sambaza na chips mayai. Hata kitu kidogo kimo, pole sana. Kuna mtu huko Uingereza anayejenga msamiati wake wa neno moja kwa siku ambaye asubuhi moja ataletewa "chips mayai".

Limebaki suala la kusahau, ambalo kijana amelitaja kwa uchungu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa miaka mingi akikariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya tunachokariri hutoroka mapema sana, ndani ya saa na siku za kwanza, kisha kinachobaki hutoroka polepole. Aligundua pia kuwa marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushinda marudio yaliyorundikwa siku moja. Maneno ya daftari la kijana yaliandikwa mara moja, yakafunikwa na ukurasa wa kesho yake. Maneno 300, kila moja limeonwa siku moja. Angeyarudia kesho yake, kisha baada ya siku tatu, wiki, na mwezi, angekuwa na msamiati mwingine kabisa. Ningemshauri siku tatu za wiki zilete neno jipya, na nne ziwe za kuyarudia ya zamani. Najua haisikiki vizuri kama "neno kila siku".

Na asiyarudie kwa macho. Asome habari ileile kwanza katika gazeti hili la Kiswahili, kisha katika gazeti la Kiingereza, ili ajue tayari kinachosemwa na atazame kinavyosemwa. Magazeti ni ghali? Maktaba ya Kaloleni, tawi la Maktaba ya McMillan, iko ng'ambo tu ya Jogoo Road. Kisha jioni arudi kwa wenzake. Alichukue neno la siku, awapelekee, walitumie usiku kucha kwa kejeli na mzaha mpaka walichoke. Vijana wa Eastlands hawajawahi kukataa neno jipya. Wanakataa tu neno lisilo na kazi.

Kwa anayetaka pa kuanzia wiki hii, lipo jina la mtaa wenyewe. Pumwani huhusishwa na kitenzi pumua, kwa maana ya kupumzika. Kilatini cha kupumua ni "spirare". Dawa iliyopitwa na wakati ime-"expire", yaani imetoa pumzi ya mwisho, na bando za simu vilevile. "Perspire" ni ngozi kupumua, kutokwa na jasho. "Conspire" ni watu kupumua pamoja, vichwa vimeinamiana, wakipanga njama. "Inspire" ni kumpulizia mtu pumzi ndani. "Aspire" ni kukitweta kitu ukikitaka, na hilo hulikosi kwenye fomu yoyote ya kuomba kazi. "Spirit" nayo imo, pamoja na "respiratory" ya kwenye mabango ya hospitali. Ukiyaandika, yaandike kwenye ukurasa mmoja, jina la mtaa likiwa juu.